Neno Aliloitwa Bi Mkunjo

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile walifanya kazi watu kumi na mmoja, na karibu kila mmoja alikuwa na jina ambalo halikuandikwa kwenye kitambulisho chake. Mwanamke aliyesimama kwenye meza ya kukunjia aliitwa Bi Mkunjo, kwa sababu shuka likishapita mikononi mwake lilitoka na pembe kali kama bahasha mpya. Mwendesha mashine kubwa aliitwa Mzee Povu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na nywele zake zilikuwa zimeshafanana na jina. Msimamizi wao, mtu wa kalamu tatu mfukoni na karatasi zilizobandikwa kila ukuta, aliitwa Bwana Ratiba, ila jina hilo lilitembea mgongoni kwake tu. Mbele yake aliitwa bosi.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo. Hakikuwa na dirisha, ila matundu ya hewa karibu na dari, na ukiinua macho uliona viatu vya watu wanaopita nje. Kila asubuhi lifti ya mizigo ilishusha mifuko ya mashuka machafu kutoka wodini, na saa ya kwanza ya kazi wote, wa mashine kwa wa pasi, waliizunguka meza ya bati kuchambua: ya damu huku, ya kawaida kule, mablanketi pembeni. Ndani ya mifuko hiyo walikuta mambo. Walikuta vijiko, meno ya bandia, simu inayolia, na siku moja barua ya mapenzi iliyolowa hata wakashindwa kujua nani amemwacha nani. Na walikuta sindano.

Sindano hazikuwa ajabu kwao. Mgeni wa kazi jambo la kwanza alilofundishwa lilikuwa kushika shuka kwa ncha za vidole, kulitikisa, na kusikiliza kama kuna kitu kinagonga bati. Glavu walizopewa zilikuwa zile nyembamba za wauguzi, ambazo sindano huzipenya bila hata kubisha hodi. Bi Mkunjo aliweka kopo la maziwa ya unga chini ya meza yake, na kila sindano aliyoiona aliitumbukiza humo. Hakuwa na mpango wowote nazo. Hakutaka tu zikamchome mzoa taka.

Jumanne moja Mzee Povu akachomwa. Hakupiga kelele. Alisema tu "aah", kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha ufunguo nyumbani, akautoa mkono ndani ya shuka na kuutazama. Ndani ya glavu tone la damu lilikuwa limeanza kutanuka. Bi Mkunjo alimshika kiwiko, akampeleka bombani, akamsimamia anawe kwa sabuni na maji mengi, kisha akapanda naye kwa daktari. Daktari hakuwatisha, lakini pia hakuwaficha. Alisema mzee atameza vidonge vya kuzuia virusi siku ishirini na nane bila kuruka hata siku moja, atapimwa leo, atapimwa tena baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Na kwa muda huo wote awe na tahadhari na mama nyumbani.

Walipotoka, Mzee Povu alikaa kwenye benchi la ukumbini, chupa ya vidonge mapajani.

"Dada yangu," alisema, "miaka thelathini na minne ya ndoa. Leo nikaanze kumweleza nini?"

Hakumweleza. Nyumbani alisema mgongo umemshika, kwamba vidonge ni vya mgongo, na kwamba daktari ameagiza alale peke yake juu ya godoro gumu. Bi Mkunjo aliombwa afunge mdomo, naye akaufunga. Lakini moyo haukufunga. Mzee Povu alikuwa wa tatu kuchomwa mwaka ule. Wa kwanza, dada wa pasi, alilia kutwa nzima. Wa pili aliaga kwenda chakula cha mchana na hakurudi tena kazini.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na kikao. Bwana Ratiba alisoma ajenda kama kawaida: kuchelewa, matumizi ya sabuni, watu kupanda lifti ya mizigo. Alipofika kwenye mengineyo, ambapo kwa desturi kila mtu alikuwa ameshaanza kuvaa viatu, Bi Mkunjo alisimama. Hakuwa msemaji. Alilimimina kopo lake juu ya trei ya bati, polepole, na chumba chote kikasikia.

"Ziko arobaini na tatu," alisema, "na nyembe mbili. Ni za tangu mwaka uanze. Tunaomba glavu nene, bosi, na tunaomba wa juu waambiwe."

Bwana Ratiba alizitazama zile sindano, akawatazama watu, akafunga daftari lake.

"Naona sasa tumepata mwanaharakati," alisema.

Alicheka kidogo, na wengine wakacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hataki kuonekana hajacheka. Kisha akasema suala limepokelewa na litafanyiwa kazi, akafunga kikao.

Kabla jua halijazama, neno lilikuwa limeshamganda. Bi Mkunjo alilijua, lakini kwa mbali, kama unavyomjua mtu wa kwenye televisheni. Wanaharakati walikuwa wale waliosimama barabarani na mabango, wakabebwa mzegamzega kuingizwa ndani ya gari. Walikuwa na sauti nene na viatu vizuri vya kukimbilia. Yeye alikuwa na goti bovu. Harakati, hilo alilizoea tangu utotoni. Mama yake, aliyefua nguo za watu hadi vidole vikakunjamana, akiulizwa habari za kutwa alikuwa akijibu, "Ni harakati tu za maisha, mwanangu." Kwake neno hilo lilinuka sabuni. Ilikuwaje basi lifungwe "mwana" mbele na kugeuka tusi?

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi wa miwani aliyekuwa na kibanda kidogo karibu na benki. Fundi aliacha kula. Alisema neno hilo si la mchezo. Kwamba mtu akitaka kukufukuza kazi hakuiti mwizi, maana atatakiwa kuthibitisha, anakuita mwanaharakati. Akamsihi mkewe arudi kwenye mashuka yake na kopo alitupe.

Binti yao, aliyekuwa chuoni akisomea upimaji wa ardhi, alifurahi mno. Kwake lilikuwa kama mama kavishwa nishani. Alikwenda kuchukua kamusi, akapekua na kusoma kwa sauti kwamba mwanaharakati ni mtu anayeshiriki katika harakati za kuleta mabadiliko katika jamii.

"Na harakati yenyewe?" mama aliuliza.

Binti akapekua nyuma. "Shughuli nyingi za kutafuta jambo fulani. Pilikapilika."

"Basi hapa mjini tumebaki nani asiye mwanaharakati?" fundi alisema. "Labda marehemu."

Walicheka wote watatu, lakini Bi Mkunjo alilala nalo. Lile la msimamizi lilikuwa na mwiba, la mumewe lilikuwa na hofu, la bintiye lilikuwa na mapambo, na hakuona hata moja lililomtosha.

Kazini mambo yalibadilika kidogo kidogo. Hakuna aliyemnunia. Ila kwenye benchi la chakula watu walikaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na yeye, hasa bosi akipita. Wengine walimtania: mwanaharakati, tupiganie na sukari ya chai, mwanaharakati, feni haizunguki, iandamanie. Alijibu utani kwa utani, maana ukikasirika ndiyo umekwisha. Kisha orodha mpya ya viongozi wa zamu ikabandikwa ukutani. Kila mtu alijua kuwa nafasi ya zamu ya asubuhi ilikuwa ya Bi Mkunjo. Bwana Ratiba mwenyewe alikuwa amemdokeza. Badala yake lilikuwepo jina la mwenzake aliyeanza kazi miaka sita baada yake. Hakuna aliyesema kwa nini, naye hakuuliza. Alilimeza kama kidonge kisichotafunwa, akaendelea kukunja.

Binti yake, bila kumuuliza, alikuwa amepeleka jina lake kwa kikundi kimoja kilichoshughulikia haki za wafanyakazi. Wakamwalika kwenye ukumbi wao Jumamosi. Alikwenda kwa kuwa binti aliomba sana, na kwa kuwa alitaka kuona sura za watu wa neno lile. Mlangoni walimbandika kifuani karatasi iliyoandikwa, kwa wino wa kijani, "Mwanaharakati". Aliitazama kila mara kama mtu aliyeazimwa shati.

Watu wale walikuwa wema. Walizungumza vizuri, wengine vizuri mno, maneno yakipishana kama magari njia panda. Kijana mmoja mwenye kamera alimletea bango ashike apigwe picha. Liliandikwa kwamba hospitali ile inaua wafanyakazi wake.

"Mwanangu, haijaua mtu," Bi Mkunjo alimwambia. "Na mimi nikiugua ndiko ninakolazwa."

Kijana alisema ni namna tu ya kusema ili watu washtuke. Bi Mkunjo alimrudishia bango kwa mikono miwili, kwa adabu, na mambo yakaishia hapo. Zamu yake ilipofika alieleza habari za sindano kwa dakika tano, bila kumtaja Mzee Povu, akapigiwa makofi, akakaa.

Wakati wa chai akamfuata mama mmoja mtu mzima, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimepinda na havinyooki. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha chupa. Hakumpongeza. Aliuliza, "Hizo sindano zinatoka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

Bi Mkunjo aliinua macho kwenye dari ya ukumbi. Miaka kumi na tisa alikuwa akisema "wa juu", kama vile huko juu anaishi mtu mmoja.

Yule mama alimweleza kwamba kiwandani kwao waligombea glavu miaka minne. Wakazipata. Vioo vikaendelea kuwakata, sasa vikikata na glavu zenyewe. Ni siku walipouliza chupa zinavunjikia wapi ndipo walipogundua mkanda mmoja wa mashine uliolegea, na ukakazwa kwa wiki moja. "Glavu dai," alisema, "lakini kwanza ujue unadai kwa nani na kwa nini. Vinginevyo unapiga kelele kisimani."

Bi Mkunjo aliporudi nyumbani alibandua karatasi ya kifuani akaiweka ndani ya sanduku lake la nyuzi. Kuitupa aliona ni kuwakosea heshima wenyewe.

Jumatatu aliwaomba wenzake jambo dogo. Kila mfuko ulishuka ukiwa na kibandiko cha wodi yake. Yeyote atakayekuta sindano, achore mstari mbele ya namba ya wodi hiyo kwenye karatasi aliyoitundika nyuma ya mlango wa stoo ya sabuni. Walitazamana. Dada wa pasi alisema yeye ana watoto, hataki harakati. Mzee Povu akakohoa.

"Kuchora mstari si maandamano," alisema. "Hata mwanafunzi wa chekechea anachora."

Akawa wa kwanza kuchora. Baada ya siku mbili dada wa pasi alichora pia, kisha wote. Wiki tatu zilipotimia, waliisoma karatasi ile wakashangaa. Kwa miaka mingi lawama zote walizipeleka kwenye chumba cha upasuaji. Walikuwa hata na wimbo wa kuwasema watu wa huko. Chumba cha upasuaji hakikuwa na mstari hata mmoja. Sindano zilikuwa ishirini na tisa, na ishirini na mbili kati yake zilitoka wodi ya sita.

Bi Mkunjo na Mzee Povu walipanda wodi ya sita saa ya kubadilishana zamu. Muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mrefu ambaye macho yake yalionyesha kuwa anadai usingizi wa wiki nzima, aliwapokea wima.

"Mmekuja kutushitaki?"

"Tumekuja kuuliza, sista," alisema Bi Mkunjo, akampa karatasi.

Muuguzi aliisoma. Akaisoma tena. Kisha akavuta kiti akakaa. Alikuwa akidhani, alisema mwishowe, kwamba sindano zinazopotea zinaanguka sakafuni na kufagiwa. Hakujua zinashuka. Akawashika mkono, akawatembeza. Wodi ile ilijengwa kwa vitanda kumi na viwili. Sasa vilikuwa thelathini na vinane, vingine vimefika hadi barazani. Kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa kimoja, ukutani, karibu na mlango. Muuguzi aliyemchoma sindano mgonjwa wa mwisho kule barazani alitakiwa kutembea hatua sitini na sindano tupu mkononi, akipita kati ya wagonjwa na wageni wao. Basi aliiweka kwenye trei, trei akaiweka kitandani, kitanda cha pili kikaita, na aliyekuja kubadilisha shuka akalikunja na vilivyomo.

"Nimeomba visanduku zaidi," alisema muuguzi. "Stoo wananijibu kwamba kwenye karatasi sisi ni vitanda kumi na viwili."

Mzee Povu aliinua mkono wake na kumwonyesha kidole kilichochomwa. Hakikuwa na alama yoyote kwa sasa. Lakini muuguzi alielewa, akakishika kidogo kidole kile, akakiachia.

Waliandika barua moja. Waliiandika pale pale kwenye meza ya dawa, muuguzi akishika kalamu na Bi Mkunjo akishika karatasi isitembee: vitanda vingapi, kisanduku kimoja, hatua ngapi, sindano ngapi, watu watatu waliochomwa. Wauguzi tisa walitia saini. Chini, kwenye chumba cha kufulia, walitia saini wote kumi waliobaki baada ya yule aliyeondoka. Dada wa pasi alitia ya kwake kwa herufi kubwa kuliko wote.

Barua ilipaswa kupitia kwa Bwana Ratiba. Aliisoma mbele ya Bi Mkunjo, mstari kwa mstari, kalamu zake zikiwa mfukoni. Halafu akafungua mtoto wa meza akatoa barua tatu, zote zina mhuri wa kupokelewa. Zote zilikuwa zake, zote za kuomba glavu, ya kwanza ikiwa na umri wa miaka mitano.

"Mimi niliandika," alisema. "Sijajibiwa mpaka leo."

Bi Mkunjo hakuwa amelijua hilo. Aliuliza kama alikuwa ametaja sindano zinatoka wodi gani. Bwana Ratiba alisema alitaja glavu tu. Aliikunja barua mpya, akasema ataiangalia. Kesho yake Bi Mkunjo aliikuta juu ya meza ya kukunjia, saini ya msimamizi imeongezwa chini kabisa, ndogo kama sisimizi, na zile barua zake tatu za zamani zimebanwa nyuma. Habari ya lile neno hakuigusa, wala Bi Mkunjo hakumwomba aiguse.

Wakati wanasubiri majibu, miezi mitatu ya Mzee Povu ikatimia. Alipimwa, akaonekana hana kitu. Alirudi chini akaegemea mashine yake inayozunguka, akatazama mashuka yakipanda na kushuka ndani ya kioo, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Jioni ile alimweleza mkewe yote. Mama watoto hakuzungumza naye siku tatu. Sindano aliisamehe siku ile ile. Alichoshindwa kusamehe ni mgongo, maana kwa miezi mitatu alikuwa akimkanda kila jioni kwa dawa ya kuchua, na mzee akiguna kabisa kwamba hapo, hapo hapo.

Majibu yalichukua miezi miwili. Wodi ya sita ilipewa visanduku vitano vya kufungwa kwenye vigari vya dawa, ili kisanduku kimfuate muuguzi badala ya muuguzi kukifuata. Glavu nene zilikuja jozi nane kwa watu kumi, na zilikuwa za mikono ya majitu. Vidole vya Bi Mkunjo viliishia katikati ya safari. Mwezi uliofuata walikuta sindano tatu, na mwezi wa pili moja. Hazikuisha kabisa, na kila asubuhi bado walitikisa mashuka na kusikiliza. Uongozi wa zamu haukurudi. Yule mwenzake aliyepewa alikuwa akimjia pembeni kumuuliza afanye nini, naye alimwelekeza bila kinyongo, ingawa zipo siku alipokunja mashuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mchana mmoja mpishi wa jiko la wagonjwa alishuka ngazi, aproni kiunoni, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji toka kifundo hadi kiwiko. Alisimama mlangoni akasema anamtafuta mwanaharakati.

Benchi zima lilimwonyesha kwa videvu. Bi Mkunjo alitaka kusema kwamba ameelekezwa vibaya, kwamba yeye ni mtu wa kukunja mashuka tu. Aliutazama ule mkono. Pembezoni mwa bendeji ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba.

"Ndiye mimi," alisema.

Mpishi akaanza kueleza habari za sufuria kubwa ya mvuke ambayo mfuniko wake haukazi, na kwamba si yeye wa kwanza, na kwamba bosi wa jiko ni mkali. Alizungumza haraka, akirukaruka. Bi Mkunjo alimsogezea nafasi akae, akamwambia Mzee Povu amtazamie mashuka yaliyo kwenye mashine ya kukaushia, akafuta mikono. Kisha akaona ni afadhali wakaione sufuria yenyewe, wakaondoka wote wawili kwenda jikoni kabla mlo wa jioni haujaanza kupikwa.